Mchirizi wa Nyumba ya Watawa

Jambo la kwanza alilofanya Notburga Rameder baada ya kumzika mumewe lilikuwa kumwita fundi wa mabati. Maua ya kaburini hayajanyauka, fundi yuko juu ya ngazi. Na mtu asimlaumu, maana kwa miaka ishirini na minane mfereji wa paa la nyumba yao, upande wa barabarani, ulikuwa na pengo la hatua mbili, tena pale pale wanapopita watu kwenda kununua mkate. Mvua ikinyesha kidogo tu, maji ya paa zima yalikusanyika yakawamwagikia vichwani waja wa Mungu. Hermine Zottl, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliwahi kuloweshwa kofia mpya asubuhi ya Pasaka, na mpaka leo ukimgusia habari hiyo anaisimulia tangu mwanzo.

Na mwenye nyumba alikuwa nani? Vinzenz Rameder, fundi mwashi, ambaye kando ya mto wetu hakuna paa la kanisa wala ghala la mvinyo ambalo hajaligusa. Kinyozi hajinyoi, watu walisema. Halmashauri ya mji ilimwandikia barua, naye akazitumia kuwekea kikombe chake cha kahawa. Hermine alimfokea kutoka dirishani. Mkewe alimsihi, akamnunia, akamwita mvivu mbele ya wageni. Jibu lake lilikuwa moja, analitoa taratibu bila hasira: "Acha idondoke."

Mwaka mmoja Vinzenz alikuwa na kazi mji wa pili, Notburga akapata upenyo, akamwita fundi kwa siri, pengo likazibwa. Vinzenz aliporudi jioni hata koti hakuvua. Alichukua ngazi akaling'oa bati jipya kwa mikono yake. Majuma mawili hawakusemezana. Ukaidi wa akina Rameder, alisema Notburga, unazaliwa nao na unazikwa nao. Basi ulipozikwa, akaweka mfereji wa shaba tupu, mzima kutoka pembe hadi pembe, ukang'aa mpaka watu wakasimama kuutazama. Hermine alimletea keki ya jozi kumpongeza. Hayo yalikuwa mwaka themanini na tano.

Nyumba yenyewe haikujengwa kwa ajili ya watu kama wao. Watawa wa Lambrechtsau, kule juu mtoni upande wa Bavaria, hawakuwa na jua la kuivisha zabibu, wakanunua mashamba kwetu Mitterlahn, na mjini wakajenga nyumba ya kufikia. Kila vuli watawa wawili watatu walishuka na mashua, wakasimamia mavuno, wakakamua, wakajaza mapipa, wakarudi nayo. Ndiyo sababu lango la nyumba ni pana kuliko la kanisa la parokia, maana lilipimwa kwa pipa, si kwa mtu. Sakafu ya chini ni ya mashine ya kukamulia, na chini yake pango la mapipa lenye kuta za unene wa hatua nne. Ghorofani kuna ukumbi, vyumba vya kulala, na juu ya mlango wa ukumbi ngao ya abate, mkuu wao, iliyochongwa, pua ya simba wake imevunjika. Wafalme walipofunga monasteri, fundi mapipa mmoja, babu wa babu yake Vinzenz, akainunua. Tangu hapo ikawa nyumba ya akina Rameder, ingawa mjini mpaka leo tunasema tu "kwa watawa".

Fahari ya nyumba hiyo ilikuwa ua wa nyuma. Huko, ghorofani, kijumba kidogo cha mawe kimetokeza nje ya ukuta, kina kidirisha chembamba na kipaa chake chenyewe. Ni kikanisa cha watawa. Mama mkwe wake Notburga, Kreszenz, alimwonyesha siku ya kwanza alipoingia bibi harusi: "Hapo walisali mabruda. Usitundike nguo zako za ndani karibu." Notburga aliweka humo sanamu ya Bikira Maria na mshumaa, na haikupita siku bila kushuka uani kusimama chini yake. Watu walidhani ni uchaji.

Mwaka tisini na moja unyevu ulikuwa umepanda ukutani mpaka madirishani. Mjini walikubali kusaidia matengenezo, ila kwanza nyumba ichunguzwe. Akaletwa Daktari Ulrike Feigl, mtaalamu wa majengo ya kale kutoka Vienna, msichana wa miaka thelathini hivi, suruali imejaa chokaa, anatoboa boriti kwa mashine nyembamba na kuhesabu miviringo ya mti.

"Mama, boriti za ukumbi zilikatwa majira ya baridi ya mwaka elfu moja mia nne na kumi na mbili," alisema siku ya tatu, akiwa na furaha kana kwamba alikuwepo.

"Mwaka wangu mwenyewe wa kuzaliwa nausahau," alijibu Notburga, "wewe unajua mpaka wa mti. Kunywa supu, inapoa."

Walipatana. Notburga hakuwa na mtoto. Ulrike alikuwa mlaji mzuri, na mwanamke mpishi hahitaji sifa zaidi ya hiyo. Mambo yaliharibika siku ramani ya kazi ilipofunguliwa mezani. Ulrike alipitisha kidole uani. "Mtaro wa kutoa maji utapita hapa, kando ya ukuta. Kina cha mtu mmoja. Mafundi wanaanza Jumatatu."

Kidole kilikuwa kimepita chini ya kikanisa.

"Hapo hamchimbi," alisema Notburga.

"Mama, maji yote yanatuama hapo. Hakuna njia nyingine."

"Tafuteni. Hapo ni mahali patakatifu. Ni chini ya kikanisa."

Ulrike alikuna kichwa kwa penseli. Hakujua anachokwenda kuvunja. Angejua, angeuma ulimi. "Mama, nilikuwa nataka kukuambia hilo nikishamaliza kuandika. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka ghorofani, akaiondoa sanamu ya Maria kwa adabu, akaiweka kitini. "Watawa walikuwa na kanuni. Juu ya altare kusiwe na kitu ila paa na mbingu. Mtu asilale juu yake, asitembee juu yake. Sasa katika nyumba ya ghorofa ufanyeje? Unaitoa altare nje ya ukuta, unaijengea kijumba chenye kipaa chake."

"Si ndicho hiki?"

"Altare inatazama mawio, mama. Hiki kinatazama machweo." Akainama, akainua mbao mbili za sakafu alizokwisha kuzilegeza. Chini yake palikuwa na jiwe pana lenye tundu la mviringo, na ukingo wa tundu umelainika kwa kukaliwa miaka mia tatu. Chini ya tundu ulionekana ua. "Hiki ni choo. Cha watawa, lakini choo. Watu wengi hukosea, maana kwa nje vinafanana."

Notburga alilitazama lile tundu. "Umesoma sana mpaka umepotea," alisema. Alitoka, akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa aproni. Ulrike alidhani ni aibu ya ukoo, akaanza kumfariji kwamba hata wafalme walikuwa na vyoo.

"Nyamaza, mwanangu," alisema Notburga. "Mtoto wangu yuko hapo chini."

Ndipo alipolisema, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe binti yake. Machi mwaka hamsini na saba. Notburga ana miaka ishirini na mitatu. Uchungu ulimkuta kabla ya wakati, theluji inayeyuka, mkunga yuko ng'ambo ya mto na kivuko hakiendi. Mtoto alitoka kimya. Alikuwa mzima kila kiungo, mpaka kucha. Paroko wa zamani hizo alisema asiyebatizwa hawezi kulala katika ardhi iliyobarikiwa; ipo kona nje ya uzio, pamoja na waliojinyonga. Vinzenz alivaa kofia yake akaondoka bila kumuaga.

Wazee wetu walikuwa na njia yao kwa watoto kama hao. Walizikwa kwa siri chini ya mchirizi wa kanisa, ili kila mvua inyeshapo, maji yaliyopita juu ya paa la mahali patakatifu yawadondokee. Paroko akatae, mvua haikatai. Kreszenz ndiye aliyemnong'oneza mwanawe. Kanisa la parokia lilikuwa na mlinzi, lakini nyumbani si walikuwa na kikanisa chao?

"Nilikuwa na homa, siwezi kuinuka," alisema Notburga. "Alimfunga katika shela langu la harusi, akamweka ndani ya sanduku alilotengeneza mwenyewe. Alirudi alfajiri, magoti yana udongo. Nikamuuliza, umemweka wapi? Akaniambia, chini ya mchirizi wa kikanisa cha watawa. Mvua ikinyesha atabatizwa. Basi. Hatukulitaja tena mpaka anakufa." Alijifuta macho. "Na mimi miaka thelathini na minne namsalia, kumbe nimemlaza chooni."

Ulrike alileta chai vikombe viwili. Alikaa naye ngazini mpaka chai ikapoa.

Baadaye Notburga akasema mtoto atolewe. Kama lazima pachimbwe, basi asichimbe fundi na sururu yake. Achimbe Ulrike, kwa mkono, na yeye asimame pale pale. Paroko wa sasa ni kijana mwenye moyo, angempa nafasi makaburini, pembeni mwa baba yake. Ulrike alichimba siku nzima, kwanza kwa koleo dogo, kisha kwa brashi. Ulitoka udongo mweusi wa uchafu wa kale, kokwa za plamu, mbegu za zabibu kwa maelfu, kipande cha kikombe cha kijani. Notburga alishika kitambaa cheupe alichokinyoosha kwa pasi asubuhi. Ilipofika saa kumi na moja koleo liligonga mwamba.

"Mama," alisema Ulrike kutoka shimoni, "udongo huu haujaguswa. Hapa hakujawahi kuzikwa mtu."

"Chimba kushoto."

Alichimba kushoto, akachimba kulia. Hapakuwa na ubao, wala msumari, wala uzi.

Sikieni, kuna uchungu wa kumjua marehemu wako yuko pabaya, na kuna uchungu wa kutomjua aliko. Notburga aliupata wa kwanza asubuhi na wa pili jioni. Akili ikamkimbilia mtoni. Machi ile Danubi ilikuwa imefurika mpaka kizingiti cha chini cha lango. Wapo watu mjini petu waliotupia mtoni mambo kama hayo, wakarudi nyumbani wamenyamaza. Magoti yenye udongo? Hata ukingo wa mto una udongo. Akaikumbuka ile sura ya mumewe asiyejibu barua, asiyejibu majirani, asiyemjibu yeye. Alipanda chumbani akaigeuza picha yake ikatazama ukuta.

"Mwongo wewe," aliiambia. "Miaka ishirini na minane umenilia mkate na kuniangalia nikipiga magoti chooni."

Maana alimwona. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mara nyingi, akiwa uani na mshumaa wake, aliinua macho akamkuta Vinzenz dirishani, anamtazama, kisha anarudi ndani bila neno.

Siku tatu Notburga hakupika. Ulrike alijinunulia mkate, akaendelea na kazi upande wa barabarani ili amwachie nafasi. Upande huo ghorofani kulikuwa na chumba baridi ambamo akina Rameder waliweka matofaa tangu enzi. Aliposogeza rafu za matofaa alikuta ndani ya ukuta kijishimo kilichochongwa, na sakafuni mwake tundu dogo la kupitisha maji. Huko ndiko mapadri walikooshea kikombe cha misa. Kando yake, tao zima lililozibwa kwa matofali, likitazama mawio. Aliruka peke yake kwa furaha, akakumbuka yaliyompata mwenye nyumba, akatulia.

Kwa nje hapakuonekana chochote, isipokuwa ukingo wa paa mahali hapo uliotokeza kidogo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Jukwaa la mafundi lilikuwa limeshasimamishwa. Ulrike akapanda, akaanza kukwangua chokaa taratibu. Baada ya saa moja akaita.

"Mama! Nani alipiga lipu ukuta huu?"

Notburga alitoa kichwa dirishani, nywele hajazichana. "Mume wangu. Nani mwingine? Ile ile Machi. Alikuwa kazini huko mbele uchungu uliponishika."

"Ameandika kitu."

Mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenye goti bovu, alipanda jukwaa kwa sketi na ndara. Chini ya chokaa, ndani ya lipu, palikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa ncha ya mwiko lipu ingali mbichi, na chini yake tarehe: kumi na moja Machi, hamsini na saba. Notburga aliigusa kwa kidole, tarakimu moja moja. Ile saba aliijua; Vinzenz aliikata katikati kwa mstari mrefu kuliko watu wengine.

Ulrike aligonga lipu pembeni mwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka yakatokea mawe mawili mazito yaliyokatwa usawa wa ukuta. "Haya ndiyo yaliyobeba altare," alisema. "Kikanisa kilitokeza hapa, juu ya barabara. Nadhani yule fundi mapipa alikikata ili magari ya mizigo yapite. Mumeo aliyaona mawe haya alipokwangua ukuta. Alikuwa mwashi, mama. Kile cha uani asingekidhania kanisa hata siku moja."

Notburga alitazama chini. Barabara yetu imetandikwa mawe, na fundi anayepiga lipu ukuta akifumua mawe mawili matatu ya njia na kuyarudisha, nani atamuuliza? Chini ya mchirizi wa kikanisa cha watawa, alimwambia. Alimwambia kweli tupu. Yeye ndiye aliyeinuka kitandani akaenda uani, kwa sababu mama mkwe alimwonyesha huko. Na Vinzenz akamwona dirishani, akamwacha, maana uani mtu hulia atakavyo, lakini mwanamke akipiga magoti kila siku katikati ya njia ya kwenda kwa mwoka mikate, mji mzima ungejua, na askari angekuja na sururu.

"Nilikuwa namkanyaga," alisema. "Kila asubuhi na kikapu changu."

"Mama, hukujua."

Ndipo macho yake yalipopanda juu. Kichwani pake, karibu aweze kuugusa, ulipita mfereji wa shaba, mzima kutoka pembe hadi pembe, haujavuja tone moja tangu mwaka themanini na tano. Ulrike akamshika mkono asije akaanguka.

"Pengo," alisema Notburga. "Pengo lilikuwa hapa. Acha idondoke, alikuwa akiniambia. Nami nikamwita mvivu." Akalia, pale pale juu ya jukwaa, mbele ya watu, na hakufunika uso. "Miaka sita, mwanangu. Nimemnyima maji mtoto wangu miaka sita, na nimekula keki juu yake."

Ulrike alimsihi washuke, mafundi watakuja kesho waufungue vizuri.

"Nipe nyundo."

"Mama, utaanguka."

"Nipe nyundo, nimesema."

Alipiga kibano cha kwanza kilichoshika mfereji, kikalegea. Cha pili kikakataa mpaka akakitukana kwa jina la ukoo wa Rameder. Shaba iliporuka ilianguka barabarani kwa kishindo, mwoka mikate akatoka dukani na unga mikononi. Notburga alishuka, akaingia ndani, akaigeuza picha ikatazama chumba. Aliipangusa vumbi kwa kile kitambaa cheupe.

Mvua ilikuja siku ya nne, asubuhi, ile ya vuli isiyo na haraka. Watu walipita upande wa pili na miavuli yao. Notburga alisimama njiani bila mwavuli wala kilemba, chini ya pengo, maji yanamshukia kichwani na mabegani. Hermine Zottl alifungua dirisha lake.

"Burgi! Mfereji wako umeachia tena. Unalowa, we mwanamke. Si uwaite mafundi?"

"Acha idondoke," alisema Notburga.

Hermine alimtazama kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga dirisha bila kuongeza neno. Notburga akatazama chini, akaona kwamba maji yote yanaishia kwake yeye, kichwani na kwenye nguo zake, na mawe aliyoyakanyaga, yaliyomfunika mtoto, hayapati tone. Akasogea hatua moja pembeni.